Ujuzi Peke Yake Hautoshi



Vijana wetu wengi hapa Ghuba huingia kazini na vyeti vizuri. Haupiti mwaka, mkubwa wa afisi anasema, "Huyu mvivu." Kabla ya kumhukumu kijana, tutazame mambo matatu: ujuzi, ari na uongozi.

Ujuzi hufungua mlango. Sultani Qaboos aliposhika nchi Julai 1970, aliwaita Waomani walioko nje warudi. Wengi waliotoka Unguja na bara walipata kazi serikalini, mabenki na kwenye mafuta, kwani walikuwa na elimu ya skuli na walijua Kiingereza. Lakini kuingia ni jambo moja, na kufanya kazi vizuri ni jingine.

Ari ndiyo inayomsukuma mtu. Frederick Herzberg wa Marekani aliwahoji wahasibu na mainjinia, akatoa kitabu mwaka 1959. Alionyesha kuwa mshahara mdogo humuudhi mtu, lakini mshahara mzuri peke yake haumfanyi aipende kazi. Kinachomfanya aipende ni kufanikisha jambo, kuaminiwa na kutambuliwa.

Wazee watasema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kweli, sifa za bure huharibu. Lakini kumwambia karani, "Hesabu hii umeipanga vizuri," si sifa ya bure. Anajua sasa kipimo ni kipi.

La tatu ni uongozi. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake walieleza majaribio yao na vikundi vya watoto wa kiume huko Iowa. Walioongozwa kwa amri walifanya kazi sana kiongozi alipokuwapo. Akitoka, kazi ilianguka. Walioshauriwa waliendelea karibu vilevile. Walioachiwa tu walifanya kidogo.

Katika miaka yangu ya ukarani nimeona hivyo. Karani anayegombwa mbele za watu hutenda alichoamriwa tu, na akiona kosa kwenye daftari hulinyamazia. Hasara hugunduliwa mwisho wa mwaka.

Basi wewe mwenye duka au msimamizi, kijana akishindwa, jiulize: hajui? Mfundishe. Anajua lakini hana hamu? Mpe jukumu lake mwenyewe, na akilitimiza mwambie. Na ikiwa afisi nzima imelegea kila ukitoka, usiwabadilishe makarani kwanza. Badilisha namna unavyowaongoza.