Mgema Aliyesifiwa Asitie Tembo Maji

Februari 1, 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirejea duniani, dakika 16 tu kabla ya kutua. Wanaanga wote saba walifariki. Katika mabaki yaliyotapakaa ardhini kuliokotwa CD ya muziki: albamu The Stamping Ground ya Runrig, bendi ya Uskoti iliyochanganya nyimbo za asili na roki. Mwenyewe alikuwa mmoja wao, Laurel Clark, daktari wa jeshi la majini, aliyeanza kuipenda bendi hiyo alipokuwa kazini Uskoti. Katika safari ile aliamshwa asubuhi moja kwa wimbo wao, Running to the Light, uliopigwa kutoka duniani. Baadaye mumewe na mwanawe waliwakabidhi wanamuziki wale CD iliyookotwa.

Kila msikilizaji ana namna yake ya kusifu. Kuna anayepiga makofi, kuna anayeinuka kwenda kutunza, kuna anayeimba pamoja na mwimbaji hadi sauti ikamkauka. Clark aliubeba muziki akatoka nao nje ya dunia.

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanamuziki wengi ni mashahidi wa methali hiyo: albamu ya kwanza kali, ya pili tamu, ya tatu maji matupu. Runrig walisifiwa kwa zaidi ya miaka 40, na inafaa kuuliza tembo lao lilibakije na ukali wake.

Bendi ilianzia kisiwa cha Skye mwaka 1973, ikipiga kwenye dansi. Waanzilishi walikuwa ndugu wawili, Rory na Calum Macdonald, pamoja na mpiga kodiani Blair Douglas. Mwaka uliofuata alijiunga mwimbaji Donnie Munro. Jina walilochagua ni la utaratibu wa zamani wa kulima: ardhi ya kijiji iligawanywa vipande virefu, na kila baada ya muda watu wakabadilishana ili udongo mzuri usiwe wa mtu mmoja siku zote. Utaratibu huo ulikufa, na katika karne za 18 na 19 familia nyingi za Nyanda za Juu za Uskoti zikafukuzwa mashambani ili kondoo wapate malisho.

Lugha ya huko, Kigaeli, nayo ilikuwa ikififia. Sensa ya 1891 ilihesabu wasemaji wa Kigaeli zaidi ya 250,000 nchini Uskoti. Ile ya 2011 ilipata kama 57,000. Mfanyabiashara angewashauri vijana wale waimbe Kiingereza. Wao mwaka 1978 walitoa albamu ya kwanza, Play Gaelic, yote kwa Kigaeli.

Kiingereza kilikuja baadaye, na umaarufu ukaja. Mwaka 1991 albamu The Big Wheel ilifika nafasi ya nne kwenye chati ya Uingereza. Miaka miwili baadaye Amazing Things ikafika ya pili. Hata hivyo, Kigaeli hawakukiacha nje mlangoni. Mwaka 1995 wimbo wao An Ubhal as Àirde, uliosikika kwenye tangazo la bia, uliingia katika 20 bora za Uingereza, jambo ambalo wimbo wa Kigaeli cha Uskoti haukuwa umewahi kulifanya. Walionunua hawakujua, wengi wao, hata neno moja la lugha ile.

Jaribio kubwa lilikuja 1997, Munro alipoondoka kugombea ubunge, ambao hakuupata. Sauti iliyokuwa sura ya bendi ikawa imekwenda. Pengo lilizibwa mwaka uliofuata na Bruce Guthro, Mkanada wa Cape Breton, kisiwa ambako wahamiaji wa Uskoti walifika na Kigaeli chao. Mashabiki wakabishana, na wapo wanaobishana hadi leo: Munro au Guthro? Ubishi wa namna hiyo nao ni sifa. Hakuna anayegombania kitu asichokipenda.

Kisha, Januari 2016, ikatoka The Story, albamu ya 14 ya studio, na bendi ikatangaza kwamba ndiyo ya mwisho. Wasikilizaji waliipokea kama barua ya buriani, na si kwa huruma. Mpiga kinanda Brian Hurren, aliyeisimamia studio, aliupa muziki upana bila kuzifunika gitaa za Malcolm Jones. Kigaeli kimo, katika wimbo ambao jina lake lasema leo nimeshika njia. Na wimbo wa kufunga, Somewhere, ni wa kumkumbuka Laurel Clark. Mwishoni inasikika sauti yake mwenyewe akizungumza kutoka angani. Msikilizaji aliyekuwa akiwasifu akapewa nafasi ndani ya albamu, akawa yeye wa mwisho kusema.

Agosti 17 na 18, 2018, walipiga maonyesho mawili ya kuagana mjini Stirling, chini ya ngome ya kale, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Munro alirudi jukwaani kuimba nao. Guthro alifariki Septemba 2023.

Jibu la swali letu ni hili: mgema huyu alisikia sifa, akashukuru, akaendelea kupanda mnazi uleule. Na aliteremka mwenyewe, kibuyu kingali na tembo kali.

Anayetaka kuonja aanze na The Story, kisha arudi nyuma taratibu hadi Play Gaelic. Asihangaike kwanza kutafuta tafsiri ya maneno. Maelfu waliotangulia kuwasifu hawakuwa nayo.