Maktaba ya Mtaani Ni Mzigo wa Nani?

Akina mama wengi tunaijua taabu ya mtoto anayesomea kitandani kwa kuwa meza ni moja, nayo ni ya chakula. Maktaba ya mtaani ndiyo chumba chake cha kusomea.

Jijini Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe. Zawadi kubwa, ila kwa zaidi ya miaka 25 Waafrika hawakuruhusiwa kuingia! Baadaye, matawi yake ya Kaloleni na Makadara yalichakaa. Mwaka 2017 akina dada wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk, wakachangisha fedha na kushirikiana na kaunti. Kaloleni ikafunguliwa upya mwaka 2020.

Je, mama, wewe utatoa nini? Usipeleke gunia la vitabu vilivyochanika (huko ni kutupa taka). Muulize mkutubi kwanza. Huenda anahitaji hadithi za Kiswahili, balbu, au fundi wa viti. Mchango mdogo wa kikundi chenu kila mwezi unaweza kulipia gazeti la kila siku.