Aliyenusurika Hadaiwi Ushujaa

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, waliokuwa kazini katikati ya jiji la Nairobi walisikia kishindo, wakafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: walikimbilia madirishani kuchungulia. Lilikuwa guruneti lililorushwa kwenye lango la ubalozi wa Marekani. Bomu lenyewe, lililopakiwa kwenye lori, lililipuka muda mfupi baadaye na kuwakuta wamesimama nyuma ya vioo. Ndiyo maana miongoni mwa majeruhi zaidi ya 4,000 wapo wengi walioumia macho, na wengine hawakuona tena. Jengo la Ufundi House liliporomoka likafunika watu. Nairobi pekee ilizika zaidi ya 200, na Dar es Salaam, ambako bomu la pili lililipuka kwenye ubalozi mwingine wa Marekani karibu wakati uo huo, watu 11 waliuawa.

Kila Agosti ikifika, vyombo vya habari humtafuta Douglas Sidialo, na si ajabu. Mlipuko ulimpofusha, naye mwaka 2005 akafika kileleni Kilimanjaro, mita 5,895. Baadaye aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town, mwenzake mwenye macho akishika usukani. Amesimulia hadharani jinsi hasira na kiu ya kisasi vilivyomtafuna mwanzoni, kabla hajafikia kusamehe. Ni habari tamu, na sisi waandishi twaipenda mno, pengine kwa sababu inatupunguzia uzito wa kuwauliza wengine wamefika wapi.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walianza kuandika juu ya kukua kwa mtu baada ya msiba katikati ya miaka ya 1990. Waliona kwamba baadhi ya watu waliopitia msiba mkubwa husema wamebadilika kwa namna wanayoithamini: wanawakaribia zaidi jamaa zao, wanajigundua kuwa na nguvu wasizozijua, wanaona njia mpya za maisha, imani yao inapata kina, na siku ya kawaida inakuwa na ladha. Lakini wasomi hao hawakusema kwamba msiba una faida. Walisema mabadiliko hutokana na mtu kuhangaika na maisha yaliyovunjika, na kwamba maumivu yaweza kubaki palepale, bega kwa bega na huko kukua. Mtu anaweza kupanda mlima na bado ashtuke mlango ukibamizwa.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayoiruka. Nenda matangani uone: maiti hajazikwa, tayari mfiwa ameambiwa ajikaze, amshukuru Mungu yu hai, kuna wenye makubwa zaidi. Wasemao hivyo si wabaya. Wanaogopa kilio, basi wanakikatiza. Lakini mfiwa hujifunza haraka kwamba kinachotakiwa kwake ni uso mkavu, naye anautoa.

Miezi michache baada ya mlipuko, kundi la watafiti likiongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga liliwahoji Wakenya 2,883 walioguswa na tukio lile. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na zile za msongo wa baada ya kiwewe: ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa chochote kinachokumbusha. Kuna waliokuwa hatarini zaidi, kama vile walioliona bomu likilipuka, waliojeruhiwa na waliofiwa. Hayo hayashangazi. Linalonivutia mimi ni mengine mawili yaliyoonekana kwenda pamoja na dalili hizo: kutomweleza rafiki yaliyo moyoni, na kuwa na shida ya fedha tangu siku ile.

Rafiki na fedha. Yote mawili yako nje ya kifua cha mtu. Tunamsifu manusura kwa moyo wa chuma kana kwamba alizaliwa nao, ilhali huenda palikuwa na shangazi aliyekuwa akija jioni, akaketi, akasikiliza hadithi ile ile kwa mara ya kumi bila kumwambia inatosha. Au mwajiri aliyemhifadhia kazi hadi akajifunza kutembea kwa fimbo nyeupe. Hata baiskeli ile ya kwenda Cape Town ilihitaji watu wawili.

Kuhusu fedha, habari haipendezi. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa mashambulizi ya kigaidi, yakiwemo ya balozi hizi mbili, lakini Wakenya wengi waliokuwa wapita njia au wafanyakazi wa majengo jirani hawakuhesabiwa. Wao wamekuwa wakidai fidia kwa zaidi ya miaka 25, katika mahakama, mbele ya Bunge na kwenye maadhimisho ya Bustani ya Kumbukumbu, pale ubalozi ulipokuwa. Huitwa walalamishi. Mimi naona kwamba mtu aliyetolewa chini ya vifusi, akajifunza sheria asiyoijua, akaunda kikundi na wenzake na kugonga milango ya wakubwa mwaka baada ya mwaka, amekua kama aliyefika kileleni. Tofauti ni kwamba picha yake haivutii gazetini, tena kuna wanaotamani anyamaze.