Simama Kibabe Dakika 2, Halafu?

Huenda ushawahi kupewa ushauri huu: kabla ya usaili, jifungie chooni, shika kiuno, tanua miguu, kaa hivyo dakika 2. Homoni zitabadilika, ujasiri utakuja wenyewe.

Ushauri huo ulitokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, wa Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap. Washiriki walikuwa 42 tu. Waliokaa kibabe walionekana kupanda testosteroni, kushuka kotisoli, na kuwa tayari zaidi kubahatisha pesa. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake wakafanya jaribio kama hilo kwa watu 200. Watu walisema wanajisikia wana nguvu zaidi, sawa. Lakini homoni? Hazikutikisika. Kubahatisha nako, hakuna tofauti.

Mwaka uliofuata Carney mwenyewe akaandika hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo (wangapi wetu tungethubutu?). Akaeleza walivyofanya: waliingiza washiriki kwa mafungu, kama 25, kisha 10, 7, 5, huku wakichungulia matokeo njiani. Wakati ule waliona wanabana matumizi tu.

Sasa kuchungulia kuna ubaya gani? Hebu rusha shilingi. Ukijiambia, "Nitaacha pale kichwa kitakapoongoza," karibu kila mara utaondoka na "ushahidi" kwamba shilingi inapendelea kichwa. Hujapika namba yoyote. Umechagua tu wakati wa kusimama. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha kwa kompyuta kwamba ukichanganya janja 4 za aina hii, uwezekano wa kupata "matokeo" pasipo na kitu unapanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 61.

Ndiyo maana siku hizi watafiti wengi wa saikolojia husajili mpango wao mapema: washiriki wangapi, kipimo kikuu kipi, hesabu ipi. Unauweka mtandaoni ukiwa na tarehe, kwa hiyo ukibadili goli, watu wanaona.

Kwenye tasnifu yangu ya uzamili niliandika washiriki 120. Nilipofika 30 nikashindwa kujizuia, nikachungulia: tofauti nzuri kweli, na pesa ya nauli ilikuwa inakata. Mpango ukanibana, nikaendelea. Kufika 120, ile tofauti ilikuwa imeyeyuka yote.