Chanjo za Watoto: Je, Zinapingana na Tawakkul?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Katika darsa zetu hapa Morogoro na vijiji vya milima ya Uluguru, tangu Kinole hadi Mgeta, swali hili hurudi kila mara: mtoto ni mzima, kwa nini adungwe sindano? Je, huko si kupungukiwa na tawakkul?

Jibu ni kwamba kujikinga ni katika sababu tulizoamrishwa kuzishika. Tauni ilipoingia Sham, Sayyidna Umar (R.A.) aliishia Sargh na akawarejesha watu Madina. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kwamba naam, anaikimbia kwenda kwenye qadar ya Allah. Naye hakuwa mgonjwa. Alijikinga kabla ya maradhi.

Sheikh Ibn Baz alipoulizwa kuhusu chanjo aliijuzisha, akitoa dalili ya Hadithi ya tende saba za Ajwa, ambazo huliwa asubuhi kabla madhara hayajafika. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilipitisha kwamba tiba huwa wajibu pale ambapo kuiacha kunaangamiza nafsi, kunalemaza kiungo, au maradhi yanawaambukiza wengine. Polio hulemaza, na surua huenea kwa hewa. Kwa hiyo mzazi anayepuuza hamdhuru mwanawe peke yake, bali na mtoto wa jirani.

Tunaye mfano wa karibu. Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida duniani alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Aliikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Akapona, na baadaye akawa akiwahimiza wazazi kuhusu chanjo ya polio mpaka alipofariki mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyohiyo.

Ama ratiba yetu, huanzia anapozaliwa mtoto, ikafuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo husahauliwa: mtoto anatembea, mama yuko shamba, zahanati iko ng'ambo ya mlima. Aliyepitwa asione haya kurudi na kadi. Hesabu haianzi upya, huendelea ilipoishia.

Enyi maimamu, siku ya huduma ya mkoba itangazeni baada ya Sala ya Ijumaa. Na akina baba na wajomba, msimwachie mama peke yake mteremko ule. Watoto ni amana, na amana huulizwa.

Wallahu a'lam.