Gari lako lina farasi wangapi? Panga kipimo cha haki kabla ya kujigamba

PENYE Subaru tatu zimeegeshwa na boneti ziko wazi, stori huwa ni ile ile. Wa kwanza anasema gari lake lina farasi 320. Wa pili ana 350. Wa tatu, ambaye gari bado lina turbo lililotoka nayo Japani, anaapa kwamba wake ni 400. Muulize amepimia wapi. Atakwambia fundi alisema, ama "ukikanyaga unajua tu".

Sasa sikia. Kukanyaga si kupima. Mlio wa eksozi pia si kipimo, hata kama unaamsha ploti nzima saa sita usiku.

Na ubishi huu si wa kuchekwa tu. Umeweka akiba miezi minane, ukanunua eksozi na turbo kubwa, kisha ukamlipa fundi abadilishe programu ya kompyuta ya gari. Hizo ni pesa za jasho, na una haki ya kujua zimekununulia nini. Usipopima mahali salama, utashawishika kupima kwa ile njia nyingine: usiku, magari mawili sambamba kwenye Southern Bypass, na huko mbele kuna lori lililokwama bila taa.

Njia nzuri ipo. Changeni pesa, mkodi mashine ya dainamomita kwa siku moja, mpime magari yenu yote kwa utaratibu mmoja. Lakini lazima mjue mnachofanya, kwa sababu mashine hii inaweza kudanganya kwa urahisi kuliko unavyofikiri, hasa hapa kwetu.

Mashine inafanya nini?

Gari hupandishwa juu ya rola za chuma na kufungwa kwa mikanda. Dereva anakanyaga, magurudumu yanazungusha rola, na mashine inapima msokoto, yaani ile nguvu inayozungusha magurudumu. Kisha kompyuta inazidisha msokoto huo na kasi ya injini ili kupata farasi. Kwa mfano, msokoto wa Nm 300 injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika ni kilowati 157, ambazo ni takriban farasi 210.

Umeona? Mashine haiwahesabu farasi mmoja mmoja. Inapima kitu kingine, halafu inapiga hesabu. Na penye hesabu, pana mtu aliyechagua ipigwe vipi.

Mtego wa Nairobi

Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mombasa, presha ya hewa ni kama milibari 1,013. Nairobi ni karibu 830. Maana yake ni kwamba injini isiyo na turbo ikivuta pumzi hapa, inakosa karibu asilimia 18 ya hewa ambayo ingepata Likoni. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuchomwa inapungua, na nguvu inashuka.

Ili gari lililopimwa mlimani lilinganishwe na lililopimwa pwani, kompyuta ya dainamomita huzidisha jibu kwa namba ya marekebisho. Kiwango kinachotumika sana ni SAE J1349 cha Marekani, kinachochukulia hewa kavu yenye presha ya milibari 990 na joto la nyuzi 25. Ukiwa na hewa ya Nairobi, namba hiyo ya marekebisho inapita 1.2.

Hapo ndipo mchezo unapoanzia. Kwanza, kiwango chenyewe hakikukusudiwa marekebisho makubwa kiasi hicho. Pili, hesabu hiyo inafaa injini inayovuta hewa yenyewe. Turbo haivuti tu, inasukuma hewa ndani ya injini, na kwa kuzunguka kwa kasi zaidi inaweza kurudisha sehemu kubwa ya ile hewa iliyokosekana.

Kwa hivyo tuseme gari lako la turbo limetoa farasi 250 kwenye rola. Kompyuta inazidisha kwa 1.2, na karatasi inatoka ikisema 300. Hao farasi 50 wamezaliwa ndani ya kompyuta. Hawajawahi kuvuta hata mkokoteni.

Kuna ujanja mwingine. Kipimajoto cha mashine kikiwekwa karibu na injini ama eksozi, kompyuta inadhani chumba kizima kinachemka, na inaongeza farasi wa kukufariji. Kiangalie kimewekwa wapi.

Dawa ni moja: omba karatasi inayoonyesha namba zote mbili, iliyopimwa na iliyorekebishwa, pamoja na jina la kiwango kilichotumika. Mkiwa mnalinganisha magari yenu wenyewe kwa wenyewe, siku moja, mashine moja, tumieni ile iliyopimwa bila marekebisho. Nyote mnapumua hewa ile ile.

Usichanganye injini na magurudumu

Namba za kiwandani hupimwa kwenye injini. Dainamomita ya rola hupima kwenye magurudumu, baada ya giabox, difu na matairi kula sehemu yao. Hakuna asilimia moja ya upotevu inayofaa kila gari, kwa hivyo fundi akikwambia "ongeza robo upate nguvu ya injini", anakupa zawadi, si kipimo.

Kumbuka pia kwamba hata namba ya kiwandani ina historia yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini hadi 2004, kampuni za Japani zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280. Ndiyo maana Impreza WRX STI na Lancer Evolution za wakati huo ziliandikwa 280 mwaka baada ya mwaka, hata injini zilipoboreshwa. Na 280 hizo ni farasi wa kimetriki, wa wati 735.5 kila mmoja. Farasi wa Kiingereza ni wati 745.7, na ndiyo sababu utasikia wengine wakisema 276. Ni gari lile lile. Kabla ya kupigana na mtu mtandaoni, ulizeni kwanza mnahesabu farasi gani.

Namna ya kuipanga siku yenyewe

Chagueni mashine inayofaa magari yenu. Subaru inayosukuma magurudumu yote manne inahitaji mashine ya rola za mbele na nyuma zinazozunguka kwa kasi moja. Ukilipandisha kwenye mashine ya rola za upande mmoja, unaweza kuchoma difu ya katikati, na hapo utakuwa umelipia hasara. Muulize mwenye mashine pia ni lini ilipimwa usahihi wake mara ya mwisho, na akuonyeshe karatasi.

Msijaze watu kupita kiasi. Kulifunga gari, kulipasha joto, kulipima na kulishusha kunachukua kama dakika 45 mkifanya bila pupa. Magari kumi ni saa saba na nusu. Mkiandikisha ishirini, wa mwisho watapimwa kwa haraka, mikanda imefungwa ovyo, na namba zao hazitakuwa na maana. Kusanyeni pesa mapema kwa M-Pesa, orodha iwe wazi kwa kila mtu, na mkubaliane tangu mwanzo nani anarudishiwa pesa akikosa kufika.

Sheria iwe moja kwa wote. Mtu mmoja ndiye aendeshe mashine siku nzima. Presha ya matairi ipimwe kabla ya kila gari kupanda, kwa sababu tairi laini hula nguvu na kupata joto. Gia iwe ile inayokaribia uwiano wa moja kwa moja, ambayo kwa magari mengi ya gia tano za mkono ni ya nne. Boneti iwe wazi kwa wote ama imefungwa kwa wote. Feni ikae pale pale. Oili iwe imepata joto la kawaida la kazi. Andikeni haya yote kwenye fomu moja kwa kila gari.

Kila gari lipimwe mara tatu. Namba zikikaribiana, chukua wastani. Zikiachana sana, usichague kubwa ukakimbia nayo Instagram. Tafuta sababu: pengine tairi linateleza, mkanda umelegea ama injini imeshika joto.

Halafu kuna jambo ambalo wengi husahau. Tafuteni gari moja la kawaida, lisilobadilishwa chochote, ambalo injini yake ni nzima. Lipimeni asubuhi, mchana na jioni. Likitoa farasi 95 asubuhi na 88 jioni, basi tatizo ni joto ama mashine, wala si turbo la aliyepimwa jioni. Gari hilo la kawaida ndilo shahidi wenu. Bila hilo, wa asubuhi na wa jioni watabishana hadi Krismasi.

Usalama si wa kujadiliwa

Gari likiwa kwenye rola, magurudumu yanazunguka kwa kasi ya barabara kuu huku limefungwa kwa mikanda tu. Tairi lenye nyufa halipandi. Toeni mawe yaliyokwama kwenye matairi, kwani yakirushwa hayatofautiani na risasi. Hakuna mtu kusimama mbele ama nyuma ya gari, hata kama anapiga video. Milango iwe wazi na moshi wa eksozi uvutwe nje, kwa sababu kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kizima moto kiwe karibu, na masikio yazibwe.

Mwenye mashine apime pia uwiano wa hewa na petroli katika kila mkanyago. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa 14.7 kwa 1, lakini injini ya turbo ikikanyagwa hadi mwisho huhitaji petroli zaidi, mara nyingi karibu 11 ama 12 kwa 1, ili isipate joto la kuyeyusha pistoni. Mstari ukianza kupanda kuelekea 13 na zaidi turbo likiwa limejaa, ama injini ikianza kugonga, mwendeshaji aachie mara moja. Mpeni mamlaka hayo mapema, na mwenye gari asibishane naye. Na mkubaliane kwa maandishi kwamba injini ikifa, mzigo ni wa mwenyewe.

Ukipata namba ndogo

Wengi wataondoka na namba ndogo kuliko walizokuwa wakitaja. Itauma kidogo, lakini angalia ulichopata. Farasi 198 wa kweli wanakuonyesha pa kuanzia. Mstari wa msokoto ukishuka ghafla kwenye mizunguko 4,500, huenda kuna mpira wa turbo unaovuja ama pampu ya petroli iliyochoka. Hiyo ni spea ya bei nafuu ukiilinganisha na injini nzima.

Kuanzia hapo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Weka eksozi, rudi kwenye mashine ile ile, gia ile ile, presha ile ile ya matairi. Muuzaji aliyekuahidi farasi 30 zaidi, sasa unaweza kumrudia na karatasi mbili mkononi. Na siku utakapoliuza gari, mnunuzi hatalazimika kukuamini kwa maneno.

Anza na watu watano unaowaamini, mchague tarehe, mmpigie mwenye mashine. Swali la kwanza liwe hili: "Je, karatasi yako inaonyesha namba kabla ya marekebisho?" Akijikanyaga kujibu, mshukuru, kata simu, na utafute mwingine.