Kitanda cha Kichanga: Usitazame Rangi, Tazama Mwanya!

Leo naomba niweke kando habari za mapenzi na mitoko, nikusimulie habari ya kitanda. Usicheke! Si kitanda hicho unachokifikiria wewe. Nazungumzia kitanda cha mtoto mchanga, kile cha kubandika ubavuni mwa kitanda cha mama. Kijana mwenzangu, kama mama watoto ana tumbo la miezi saba, soma mpaka mwisho. Mimi somo hili nimelilipia, na nusura nililipie kwa bei ambayo haina chenji.

Naishi Manzese, chumba kimoja cha kupanga. Ndani mna kitanda cha tano kwa sita, kabati la nguo, jiko la gesi na ndoo za maji. Ukiingia wewe, mwingine inabidi apande kitandani. Siku za mama watoto kujifungua zilipokaribia, ubishi ukaanza: huyu mgeni atalala wapi?

Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Korogwe kuja kumlea mzazi, hakuwa na maneno mengi. "Baba, mtoto halazwi peke yake kama mzigo wa stendi. Mtoto analala na mama yake."

Mke wangu naye alikuwa ametoka kliniki na maneno ya nesi: mtoto alale chumba kimoja na mama, karibu kabisa, lakini kwenye sehemu yake mwenyewe, juu ya godoro gumu lililonyooka.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja. Kichanga hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akiwa mbali, mama atachoka mpaka aanze kusinzia ameketi na mtoto mkononi, na hiyo ni hatari kubwa kuliko unavyofikiri. Lakini akilala katikati ya watu wazima wawili, na mmoja wao akilala analala kama gogo (namsema mimi mwenyewe), hapo kuna mito, mashuka mazito na mgongo wa baba. Kitanda cha ubavuni ndicho kinachomaliza ugomvi huo. Kina kuta tatu tu, na upande wa nne uko wazi, umeshikana na kitanda cha mama. Mama ananyoosha mkono, anamvuta mtoto, ananyonyesha, anamrudisha. Kila mtu na godoro lake.

Basi, mimi kwa kiherehere changu nikaingia soko la mitumba. Nikakiona kitanda cheupe, kimechorwa dubu wawili wamekumbatiana, kina magurudumu, na ubavu mmoja unashuka ukiuvuta. Bomba! Muuzaji akasema 85,000, tukavutana mpaka 70,000. Sikubeba futikamba. Nilibeba hela na sifa tu. Nikakipandisha kwenye bajaji, mtaa mzima ukaniona baba wa kisasa.

Nyumbani nikashusha ule ubavu, nikakisukuma kikagusana na kitanda chetu, nikaweka matofali mawili kwenye magurudumu. Nikajipongeza. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, akalazwa humo. Mimi, kama desturi, nikahamia kwa mshikaji wangu chumba cha tatu, maana mtu na mama mkwe wake hawalali chumba kimoja.

Usiku wa siku ya kumi na moja, saa tisa hivi, nikasikia yowe. Nilitoka na bukta tu.

Nilikuta mama mkwe amemkumbatia mtoto kifuani, anamsugua mgongo, mke wangu anatetemeka. Kumbe kila mke wangu alipoegemea kile kitanda ili kunyonyesha, kilikuwa kinasogea kidogo kidogo. Usiku ule mtoto aliteleza akaingia kwenye mwanya kati ya vitanda viwili. Kiwiliwili kilishuka, kichwa kikabaki juu, uso umebanwa kwenye godoro letu. Hakuweza kulia. Mama mkwe aliamshwa na mkoromo mdogo tu, akamwahi.

Kulipokucha tulimpeleka zahanati, akapimwa, akaonekana mzima. Niliporudi nikaupima ule mwanya. Ulikuwa wa vidole vinne. Nikakaa chini kwenye sakafu, na sioni aibu kukwambia nililia.

PIMA KABLA HUJATOA HELA

Tangu siku hiyo nimeuliza manesi, nimesoma, na nimewasumbua mafundi. Haya ndiyo ya kuangalia.

Kwanza, mwanya kati ya kitanda cha mtoto na cha mama. Usiwepo kabisa. Godoro la mtoto liwe sawasawa na la mama kwa urefu, na vitanda vifungwe kwa mkanda imara au bolti, si kwa matofali wala kamba ya manila. Kila jioni kabla ya kulala, kivute kwa nguvu. Kikitikisika, mtoto halali hapo.

Pili, nafasi kati ya fito na fito. Isizidi sentimita 6. Kama huna futikamba, chukua kopo la soda. Likipita kati ya fito, kitanda hicho hakifai, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikanasa.

Tatu, godoro. Liwe gumu na bapa. Ukilibonyeza kwa kiganja lirudi hapo hapo. Lijae kitanda chote, vidole viwili visipite kati yake na ukuta. Mto usiweke, dubu wa manyoya usiweke, shuka zito usiweke. Kichanga hahitaji mapambo.

Nne, ule ubavu wa kushuka ulionipumbaza. Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya namna hiyo kuanzia Juni 2011, baada ya watoto zaidi ya 30 kufa kwa kunaswa pale ubavu ulipolegea au kuchomoka. Sasa jiulize, nchi ikishapiga marufuku kitu, vilivyokwisha tengenezwa huwa vinakwenda wapi? Ukikikuta kwenye mtumba, kipite.

Tano, mbu. Hapa kitanda cha ubavuni kina raha yake: chandarua kimoja kinafunika mama na mtoto. Ila kile cha tano kwa sita hakitatosha. Tafuta kikubwa zaidi, ukichomeke chini ya godoro kisimwangukie mtoto usoni.

Na mtoto alazwe chali. Wazee wetu wengi wanapenda kifudifudi, eti anapata usingizi. Ni kweli analala fofofo, na hapo ndipo hatari ilipo. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, vifo vya ghafla vya vichanga vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache tu. Ushauri bado ni huo. Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake, angalau kwa miezi sita ya mwanzo.

KEKO KWA SEREMALA

Nilikwenda Keko kwa mafundi, safari hii na futikamba mfukoni na vipimo vya kitanda chetu kwenye karatasi. Fundi alinicheka. "Kaka, watu wanakuja na picha ya kwenye simu, wewe umekuja na hesabu." Akanitengenezea cha mbao za paini, kuta tatu, fito za karibu karibu, bolti mbili za kukikamata kitanda chetu. Nilimwambia apige msasa mpaka kitambaa kisinase, na asipake rangi asiyoijua ina nini, maana mtoto akianza kuota meno atatafuna mbao. Nililipa 120,000, na kigodoro 25,000. Hakina dubu hata mmoja.

Ukichacha pia usikate tamaa. Finland, tangu 1938, akina mama wa kipato cha chini walipewa na serikali boksi la vifaa vya mtoto, na kuanzia 1949 wakaanza kupewa akina mama wote. Watoto wengi wa huko wamelala usingizi wao wa kwanza ndani ya boksi! Boksi imara, safi, lenye kigodoro kigumu kinachoenea, likawekwa sakafuni karibu na mama, ni bora kuliko kitanda cha fahari chenye mwanya. Ila mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, boksi na kitanda cha ubavuni vyote muda wake umekwisha. Mhamishie kwenye kitanda chenye kuta ndefu pande zote.

Kile cheupe je? Jirani alikitaka kwa 40,000, mkewe ana mimba. Nilikuwa sina hata nauli, lakini nilichukua shoka nikakipasua mbele yake. Alininunia wiki mbili. Nilipomweleza kilichonipata, alikwenda Keko mwenyewe.

Arobaini ilipokwisha mama mkwe akafunga mizigo yake. Kabla ya kutoka alikishika kitanda kipya, akakivuta kwa nguvu mara mbili. Hakikusogea. "Sasa baba, hapa mjukuu wangu analala na mama yake," akasema, akachukua kikapu chake.

Mimi nimerudi chumbani kwangu. Usiku nikishtuka, kitu cha kwanza ni kupeleka mkono kwenye zile bolti. Ndipo nageuka nalala.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye mapenzi: mama mkwe akishaondoka, nani anaosha nepi? Tukutane hapa hapa.